Mawazo sita, mada moja inatakiwa Ijumaa. Nisaidieni kuchuja (utafiti mwaka wa tatu, Arusha)

Binti_UsaRiver

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Nipo mwaka wa tatu chuo kimoja hapa Arusha, nasoma maendeleo ya jamii. Nimeshampelekea msimamizi mada mbili, zote zimerudi na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Pana mno." Ijumaa ijayo anataka mada moja na ukurasa mmoja wa maelezo. Data nakusanya likizo inayokuja, wiki sita. Hela ni bumu (mkopo wa wanafunzi) lililobaki na kidogo kutoka kwa mama. Naishi nyumbani, Usa River, kwa hiyo sina kodi ya kulipa.

Mawazo yangu:

1. Mabadiliko ya tabianchi na kilimo cha kahawa mkoani Kilimanjaro (shangazi yupo Machame)
2. Mikopo ya kausha damu (ya riba kubwa mtaani) na ustawi wa wanawake
3. Floridi kwenye maji na afya ya jamii Arusha
4. Maisha ya wapagazi wa Mlima Kilimanjaro
5. Akili mnemba na ufaulu wa wanafunzi wa vyuo
6. Mchango wa ushirika wa kahawa kwa maendeleo ya Wachaga tangu ukoloni

Moyo upo kwenye 2 na 3. Ila nikianza kuandika naona kila kitu kinahusiana na kila kitu, naishia kufungua mafaili mapya tu. Mnachujaje?

Chalii_wa_Ngarenaro

Ngoja waje wenye shule zao. Nimekaa pale na karanga zangu.

Ripoti_Fasta

Dada njoo inboksi, tunaandika sura ya kwanza hadi ya tano, data tunakutengenezea, unapewa na slaidi za kudifendi. Bei maelewano.

DodosoMfukoni

Huyu yupo kila uzi. Binti, siku ya kudifendi utaulizwa "hawa watu uliwapataje, na kwa nini mama wa kaya ya kumi na saba hakujibu swali la nne?" Aliyekutengenezea data hatakuwepo chumbani.

Mwl_wa_Njiro

Marahaba mdogo wangu. Nasimamia wanafunzi, siyo wa chuo chako, kwa hiyo niongee bila kumwingilia mwenzangu.

Mada zako hazina ubaya. Tatizo ni kwamba zote sita ni maeneo ya masomo, bado hakuna swali hata moja. Swali lina alama ya kuuliza mwishoni, na lipo la mtu fulani kulijibu. Usianze kwa kuuliza ipi ni muhimu, maana zote ni muhimu, tutabishana hapa hadi masika. Anzia upande wa data: ni nani ataniambia, atakuwa wapi ndani ya hizo wiki sita, nani lazima aniruhusu nimfikie, na je, jambo lenyewe ni la kuambiwa mgeni mwenye dodoso?

Tuanze na namba 1. Tabianchi inapimwa kwa miongo. Wanasayansi wa hali ya hewa hutumia wastani wa miaka 30, na wewe una wiki sita. Tuseme Mamlaka ya Hali ya Hewa wamekupa takwimu za mvua za Moshi, bado zao la shangazi linaweza kushuka kwa sababu ya chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa), kutu ya majani, mibuni iliyozeeka, bei iliyomkatisha tamaa akang'oa akapanda migomba au parachichi, au vijana kuhamia Dar. Utatenganishaje hayo na mvua? Hutatenganisha. Utaandika kwamba wakulima "wanasema mvua imebadilika", na hilo tunalijua tayari. Kama unaipenda kahawa sana, uliza kitu kinachoonekana shambani leo. Lyamungo pale kuna TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wanatoa miche iliyoboreshwa inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Kijiji kimoja, wakulima waliobadilisha mibuni na ambao hawajabadilisha: nini kiliamua? Hapo pana swali.

Namba 6 ni karne nzima. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, KNPA, kilianza 1925, na KNCU yenyewe, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, ikaja 1933. Kati ya hapo na leo vyama vimevunjwa, vikafufuliwa, soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. "Mchango kwa maendeleo" utaupima kwa rula gani? Mwenye nyaraka na muda angechukua AMCOS moja (chama cha msingi cha ushirika), mihutasari ya misimu michache, na jambo moja tu, mathalani malipo ya pili, yale ya nyongeza baada ya kahawa kuuzwa, yalivyoamuliwa. Hiyo ni kazi safi, ila ni ya mtu aliyepo Moshi na mwenye subira ya kusoma mwandiko wa makatibu.

Namba 5 itakuvutia kwa sababu watu wa kuwahoji wapo hosteli. Lakini ufaulu ni rekodi ya siri ya mwanafunzi, na ukipata GPA ya kujitajia wenyewe umepata hadithi. Halafu aliyefaulu na anatumia akili mnemba, amefaulu kwa sababu yake, au anaitumia kwa sababu ni mtu wa kuhangaika na kila kitu? Kila darasa lina watu wanne wenye mada hii.

Namba 2, 3 na 4 waje wanaozijua.

Mzee_wa_Kiboriloni

Namba 4 niongee mimi. Nimepanda mlima na mizigo ujanani, sasa nina duka Moshi. Wapagazi hawakai sehemu moja ukawahoji. Msimu mkubwa, Juni hadi Oktoba, mtu anaingia geti la Machame leo, anatoka siku ya sita au ya saba, anaoga, analala, keshokutwa yuko geti tena. Getini asubuhi ni vurugu, wanapimwa mizigo kwenye mizani (sheria inasema isizidi kilo 20), hakuna mwenye nafasi ya kukujibu. Aprili na Mei mvua ikipiga ndiyo wana muda, lakini nusu yao wamerudi vijijini kulima.

Na ukitaka kuingia getini rasmi ni hifadhi ya taifa, una vibali vya ziada. Likizo yako ikiangukia Julai, achana nayo. Ikiangukia Aprili, nitafute nikuonyeshe vijiwe.

Binti_UsaRiver

Inaanza wiki ya pili ya Julai, mzee wangu. Asante, namba 4 nimefuta. 1, 5 na 6 pia nimefuta, moyo unauma kidogo kwa 6.

Arifu_wa_Data

Kwa nini msimwambie akili mnemba imchagulie? Dakika moja unapata vichwa hamsini.

DodosoMfukoni

Utapata vichwa hamsini vyote vinavyoanza na "Athari za" na kuishia na "nchini Tanzania". Ndivyo alivyonavyo tayari. Na ukiomba marejeo, utatajiwa na vitabu visivyokuwepo duniani. Kwa kupanga sentensi sawa. Kwa kujua mtendaji wa kata yako yupo siku gani ofisini, hapana.

MamaKikoba_Sakina

Mwanangu, hiyo ya kausha damu nisikilize.

Mimi nimewahi kukopa. Ungekuja nyumbani kwangu na karatasi lako, mume wangu yupo sebuleni, ukaniuliza "umewahi kuchukua mkopo wa riba kubwa?", ningekujibu sijawahi, na chai ningekuandalia. Wenzangu kwenye kikoba wote wangekujibu hivyo. Wapo ambao waume hawajui. Wapo ambao friji imebebwa na majirani wanaambiwa ipo kwa fundi. Jambo hili linasemwa usiku kwa simu, kwa mtu mmoja unayemwamini.

Sikukatishi tamaa. Ila ukiniuliza mambo mengine, mathalani kikoba chetu kinaamuaje nani akopeshwe kwanza, nitaongea mpaka unichoke.

Mwl_wa_Njiro

Mama amemaliza. Niongezee la kiusalama tu: wakopeshaji wenyewe wengine hawana leseni, na binti wa mwaka wa tatu kuzunguka mitaani akiuliza nani anakopesha nani siyo jambo la kuchukulia wepesi. Hakuna msimamizi makini atakayekuruhusu bila mpango wa kulinda wahojiwa na wewe mwenyewe.

Ukitaka kukaa karibu na mikopo lakini kwenye mwanga, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vikundi vinajulikana, orodha ipo kwa afisa maendeleo ya jamii, na wahusika hawaoni aibu kuongea. Wasiopata ndio wataongea zaidi.

Binti_UsaRiver

Mama asante sana, umenigusa. 2 nimeiweka kando.

Imebaki 3. Mimi nimekulia kwenye haya maji. Meno ya ukoo mzima ni ya kahawia, shuleni tulikuwa tunajuana kwa kucheka tu. Nilitaka nichukue sampuli za maji kata nzima, nipime floridi, halafu niangalie meno ya watoto na watu wazima nilinganishe. Hapo nako ni pana mno?

Nesi_wa_Majengo

Dada, hapo kuna tafiti tatu ndani ya moja, na mbili siyo za fani yako.

Kuangalia meno ya watoto ni uchunguzi wa kitabibu. Unahitaji kibali cha maadili ya utafiti wa afya, ridhaa ya mzazi, na mtu wa kinywa na meno anayejua kuyapanga kwa madaraja. Kibali peke yake kinaweza kula likizo yako nzima.

Halafu ulinganisho wenyewe hausimami. Meno hupata madoa yale wakati yanajijenga ndani ya fizi, utotoni, kama hadi miaka minane hivi. Mtu wa miaka 30 meno yake yanakueleza alikunywa nini akiwa mtoto. Maji ya bomba ya leo hayahusiki. Ukipima bomba la leo na meno yake ukachora grafu, umelinganisha vitu vya zama mbili.

Mwl_wa_Njiro

Maelezo mazuri kuliko ya kwangu. Upande wa maji nao: kwamba maji ya kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano limeandikwa mno. Ngurdoto pale kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floridi, chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru wameandika, wizara imeandika. Ukipima wewe kwa kifaa cha kuazima utarudia kwa ubovu kilichofanywa kwa ubora.

Ukisoma hizo ripoti za zamani kuwa macho: Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu miligramu 4 kwa lita au hata zaidi, siku hizi kiwango ni 1.5 sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Chanzo kilichoitwa "salama" kwenye ripoti ya miaka ya tisini huenda leo si salama, na maji ni yale yale. Wanafunzi huokota hilo neno "salama" bila kuangalia mwaka.

Wewe ni mtu wa maendeleo ya jamii. Kaa kwenye yale watu wanayofanya. Sasa niambie, nyumbani kwenu, kati ya maji kutoka kwenye chanzo na chakula kufika mezani, ni kitu gani ambacho wewe unakijua na mimi wa Njiro sikijui?

Binti_UsaRiver

Mmmh. Nyumbani maji ya kunywa siku hizi tunanunua kwenye kioski, yale yaliyochujwa. Bibi anasisitiza kabisa, mjukuu asinywe ya bomba. Ila ya kupikia ni ya bomba. Na bibi huyo huyo akipika makande anaweka magadi, jiwe dogo analimenya kwa kisu juu ya sufuria, hapimi, anasikiliza mkono. Sijui kama hilo ni kitu.

Nesi_wa_Majengo

Hilo ni kitu.

Mwl_wa_Njiro

Hilo ni kitu kabisa. Usilale leo kabla hujaliandika.

Magadi yenyewe yanabeba floridi, na kiwango hutofautiana sana kutegemea yalikotoka. Watafiti wa meno nchini wamekuwa wakiyahusisha na meno ya kahawia kwa muda mrefu, hata sehemu ambazo maji yake hayana shida kubwa. Kwa hiyo kaya inaweza kulipia maji ya kioski mlangoni, na floridi ikaingia kwa mlango wa jikoni. Kemia yake wenye maabara wameshaiandika. Ambacho hakijaandikwa kwa ukaribu ni mazoea: nani anaweka, kwenye chakula gani, kiasi gani, ananunua wapi, na anajua nini.

Chalii_wa_Ngarenaro

Karanga nimeweka chini. Makande bila magadi si yanakomaa jikoni hadi jioni, na gesi ilivyo bei juu?

DodosoMfukoni

Chalii bila kujua umempa kigeu, yaani kitu cha kulinganisha kati ya kaya na kaya. Magadi hulainisha maharage na mahindi yaive haraka. Aliye na kuni za shambani ana haraka gani? Aliye na mtungi wa gesi ndiye anayehesabu dakika. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia tangu 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Swali ambalo ningeliuliza: je, kaya inayopikia gesi inatumia magadi mara nyingi zaidi kuliko ya kuni? Jibu likiwa ndiyo ni habari. Likiwa hapana pia ni habari, maana utakuwa umegundua kinachoamua si nishati ya kupikia, huenda ni ladha au ni bibi.

Mada yoyote ambayo jibu la "hapana" litakuacha huna cha kuandika, ikimbie.

Mzee_wa_Kiboriloni

Na wasiotumia magadi kabisa muwahoji. Sisi upande wa Moshi kiburu kina magadi, lakini mke wangu aliacha, anasema yanamletea kiungulia. Halikuwa suala la meno hata kidogo.

Binti_UsaRiver

Jamani mnanifungua. Sasa nimeandika: "Matumizi ya magadi katika kaya za Wilaya ya Arumeru." Nitatumia fomula ya Yamane, ile ya kupata idadi ya kaya za kuhoji, maana msimamizi anaitaka. Kata yetu nikikadiria kaya 6,000 inanipa 375. Nitawaweza?

DodosoMfukoni

Huwawezi. Twende polepole.

Yamane: idadi ya kaya gawanya kwa moja jumlisha idadi hiyo mara makosa yanayoruhusiwa ya kipeo cha pili. Kaya 6,000 kwa makosa ya asilimia 5: 6,000 gawanya 16, ni 375, umepatia. Ukikimbilia kitongoji kimoja cha kaya 150 ukadhani umepona: 150 gawanya 1.375, ni 109. Umepunguza eneo mara arobaini, kazi imepungua mara tatu na ushee tu. Fomula hii ni katili kwa watu wachache.

Ukiweka makosa asilimia 10, kwa kaya 150 hizo hizo unapata 150 gawanya 2.5, kaya 60. Kaya 60, tano kwa siku, ni siku kumi na mbili za kazi. Weka na za kutokuwakuta, za msiba kijijini, za mvua. Inaingia kwenye wiki tatu, zinabaki tatu za kuingiza na kuchambua. Msimamizi akiuliza kwa nini asilimia 10, mwambie ukweli: muda na fedha, na swali lako ni la mazoea ya kitongoji kimoja, hudai kuisemea wilaya.

Mwl_wa_Njiro

Niweke pingamizi dogo. Wasimamizi wengi wanaiabudu hiyo fomula. Inadai una orodha kamili ya kaya na unazichagua kwa bahati nasibu. Mwanafunzi anakokotoa 109, halafu anahoji waliokuwepo sokoni hadi karatasi ziishe. Hapo hesabu imebaki pambo. Afadhali 60 waliochaguliwa kutoka daftari la wakazi, kila kaya ya pili au ya tatu kutoka mahali ulipoanzia kwa kura, kuliko 375 wa kuokoteza.

Na kati ya hizo 60, omba kaya nane au kumi zikuruhusu ushinde jikoni siku wanayopika makande. Nenda na mizani ndogo ya keki. Mama akishalimenya jiwe, kabla halijaingia sufuriani, lipime. Hakuna dodoso litakalokupa namba hiyo, na nina uhakika wasomaji wako wote watafungua ukurasa huo kwanza.

DodosoMfukoni

Naafiki. Kwenye dodoso usiulize "Je, unatumia magadi mengi, wastani au kidogo?" Kila mtu ni wastani. Uliza "Jana mlipika nini? Juzi je? Mara ya mwisho kupika makande ilikuwa siku gani? Magadi yalitoka wapi?" Mtu anakumbuka sufuria ya jana kuliko tabia yake ya mwaka.

Liandike kwa Kiswahili moja kwa moja, lijaribu kwa kaya tano za kitongoji cha jirani ambazo hazitaingia kwenye hesabu. Swali linalokufanya ueleze mara mbili, libadilishe. Ukiweza weka kwenye simu kwa KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso, inafanya kazi bila bando na inakutunzia hela ya fotokopi. Ila beba karatasi chache, simu ina siku zake.

MamaKikoba_Sakina

Na usiende saa nne asubuhi, watu wapo shambani. Jumatano na Jumamosi usiende kabisa, Tengeru kuna soko, hukuti mama nyumbani. Au uende huko huko sokoni ukaangalie wauza magadi, maana yale ya mawe na yale ya unga hayatoki sehemu moja na wenyewe wanajua ya wapi.

Arifu_wa_Data

Sasa hapo si awachukulie sampuli za magadi akapime floridi pale Tengeru? Iwe kamili.

Mwl_wa_Njiro

Hapana. Hivi ndivyo mada nyembamba zinavyonenepa tena. Akikutana na mtu wa maabara anayetafuta sampuli, ampe na kila mmoja aandike yake. Yeye kemia ataisoma kwenye machapisho na kuitaja kwenye mjadala.

Binti_UsaRiver

Nauliza la vibali. Nikishapata barua ya chuo naenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji? Ananifahamu, ni mjomba wa rafiki yangu.

Nesi_wa_Majengo

Kufahamiana hakutoshi. Barua ya utambulisho ya chuo inaanzia juu: mara nyingi ofisi ya Katibu Tawala, au mkurugenzi wa halmashauri, inategemea chuo chenu kimeielekeza kwa nani. Halmashauri ya Meru ofisi zake zipo hapo hapo Usa River kwa hiyo una bahati. Wao wanakuandikia kwenda kata, mtendaji wa kata anakuandikia kwenda kijiji, ndipo mwenyekiti. Peleka barua wiki mbili au tatu kabla, siyo Jumatatu ya kuanza. Toa nakala nyingi, kila ofisi inabaki na yake.

Ukiingia jikoni kwa watu, ridhaa ni kila mara. Aliyekubali dodoso hajakubali upige picha sufuria yake. Na usije ukamwambia mama "haya yanaharibu meno ya watoto" katikati ya mahojiano, maswali yote yanayofuata atakujibu kwa hofu. Maelezo ya afya toa mwishoni, ukimaliza.

Kitu kimoja watakachokuuliza wengi: "si tunachemsha?" Jua jibu mapema. Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi haiendi popote. Maji yakipungua kwa mvuke floridi inabaki kwenye maji machache zaidi.

Binti_UsaRiver

Nimekesha. Hii ndiyo naipeleka Ijumaa, niambieni kabla sijachapa:

Kichwa: Matumizi ya magadi katika upishi wa makande kwenye kaya za kitongoji kimoja cha Kata ya Maji ya Chai, Halmashauri ya Wilaya ya Meru.

Swali kuu: Ni mambo gani yanayoamua kaya itumie magadi, kiasi gani na mara ngapi, wakati inafahamu tatizo la floridi kwenye maji?

Malengo mahususi: (i) kubainisha ni kaya ngapi zinatumia magadi na mara ngapi kwa wiki, (ii) kulinganisha matumizi kati ya kaya zinazopikia kuni, mkaa na gesi, (iii) kutathmini athari za uelewa wa floridi kwa afya ya kaya.

Kaya 60 kwa dodoso, kaya 8 za kushinda jikoni na mizani. Mizani nimeshaazima kwa dada anayeoka keki.

Mzee_wa_Kiboriloni

Safi binti. Bibi yako asihesabiwe kati ya hizo nane, atakupendelea.

DodosoMfukoni

Kwenye swali kuu, "wakati inafahamu" umeshadhani wote wanafahamu. Kata maneno hayo. Kufahamu ni moja ya mambo utakayoyauliza. Kwenye lengo la pili uwe na mpango wa wanaotumia nishati mbili, maana wengi wana gesi ya chai na kuni za makande. Uliza "makande ya mwisho yalipikwa kwa nini?", usiulize "unatumia nishati gani?"

Mwl_wa_Njiro

Lengo la tatu ndilo litakalorudi na kalamu nyekundu. "Athari" na "afya" zote mbili futa, huna kipimo cha afya popote kwenye kazi hii. Andika: "kubaini wanakaya wanajua nini kuhusu floridi kwenye maji na kwenye magadi, na walijulia wapi." Hilo la mwisho, walijulia wapi, ndilo afisa maendeleo wa kata atakaloliomba kwako. "Mara ngapi kwa wiki" kwenye lengo la kwanza libadilishe liwe "mara ngapi ndani ya siku saba zilizopita".

Ukurasa mmoja, usizidi. Kampelekee Alhamisi mchana, Ijumaa atakuwa na foleni.